Kuchanganya Vifaranga wa Umri Tofauti na Kuku Wakubwa: Mwongozo Kamili

Makosa ni yaleyale kila mara. Vifaranga wameota manyoya, chumba chao kimewabana, mfugaji anawabeba mchana na kuwamwaga kwenye banda la wakubwa akisema watazoeana wenyewe. Kesho yake mmoja amedonolewa kichwani hadi ngozi imetoka, wawili wamejibana nyuma ya kiota na hawajagusa maji, na matetea waliokuwa wanataga vizuri wamepunguza mayai. Ndipo linakuja swali: hivi kuku wangu wana roho mbaya?

Hawana. Kuku mkubwa hamchukii kifaranga, analinda chakula, maji na mahali pake pa kulala. Ndani ya banda kila mmoja anajua anampisha nani na nani anampisha yeye. Mgeni akiingia hana nafasi katika mpangilio huo, na atadonolewa mpaka aipate. Huwezi kuzuia kudonoana kote. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba mdogo ana pa kukimbilia na anaweza kushiba bila kungoja ruhusa ya mkubwa. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa inafanya kazi hiyo moja.

Tenga wiki nne hadi nane za kazi hii, kutegemea vifaranga wametoka wapi na wana umri gani. Ukiwa na wikendi moja tu, usianze.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita 1.25, wa kutosha kugawa banda na uwanja. Matundu yakiwa makubwa, kifaranga hupitisha kichwa, na upande wa pili kuna midomo inayomsubiri.
- Vyombo vya chakula na maji vya ziada, angalau jozi mbili. Chombo kimoja ni silaha ya mbabe: akisimama pale tu, wadogo wanashinda njaa.
- Kokoto safi za kuweka kwenye chombo cha maji cha wadogo kabisa. Kifaranga wa siku chache huzama hata kwenye maji ya kina kifupi.
- Maranda makavu ya kutandika, na mengine ya akiba ya kubadilishia yanapolowa.
- Chakula cha kukuzia cha kutosha kundi lote, pamoja na chokaa ya mifugo au magamba ya chaza yaliyosagwa, katika chombo cha peke yake. Sababu ipo kwenye hatua ya 3.
- Kizimba kidogo cha dharura cha kumtenga majeruhi au mchokozi. Kiwe tayari kabla ya siku ya kuchanganya, maana kuku anavuja damu hangoji utafute misumari.
- Dawa ya vidonda ya zambarau, ile inayoitwa GV. Inasaidia kidonda na pia inaficha wekundu wa damu, ambao ndio unaowaita wengine waje kudonoa.
- Matawi, magogo, makreti, mbao za kuegemeza ukutani. Vitu vya kujificha nyuma yake.
- Pete za plastiki za miguuni, rangi moja kwa kila rika. Baada ya wiki sita utakuwa umesahau yupi ni wa kundi gani.

Kisha chukua futi ya kupimia. Ndani ya banda kila kuku mkubwa anahitaji takriban mita ya mraba 0.4, na nje uwanjani mita moja ya mraba. Kwenye mti wa kulalia hesabu sentimita 20 hadi 25 kwa kila mmoja. Hesabu kwa idadi watakayokuwa wakishakua wote, usihesabu kwa vifaranga ulivyowashika kiganjani leo. Nafasi isipotosha, hatua zilizobaki hazitakusaidia. Panua banda au punguza idadi kwanza.

## Amua kwa mwili, usiamue kwa tarehe

Watu huuliza, "Wachanganywe wakiwa na wiki ngapi?" Jibu la kawaida ni wiki 8 hadi 12 kwa vifaranga wasio na mama, na si jibu baya. Lakini kuna kuku wa asili ndogo ambaye wiki ya 12 bado ni kiganja, na kuna wa aina nzito ambaye wiki ya 8 amejaza mikono. Kipimo kizuri zaidi ni mwili: subiri afikie kama theluthi mbili ya ukubwa wa wale anaokwenda kuishi nao. Ukiweza kusubiri mpaka walingane, subiri.

Kabla ya wiki 6 usifikirie kumwacha huru kati ya wakubwa bila mama yake. Manyoya hayajakamilika, na pigo moja la mdomo kichwani linaweza kumuua.

## Hatua ya 1: Watenge wageni

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa kuku huwa kinyume: mgeni akija, mwenyeji huugua. Na mara nyingine mwenyeji ndiye anayemuua mgeni kwa vimelea ambavyo yeye mwenyewe ameshavizoea.

Kuku yeyote aliyetoka nje ya boma lako akae peke yake siku 30. Asiwe kona ya banda lilelile. Awe sehemu nyingine, mbali kadiri unavyoweza, na vyombo vyake, na viatu vyako vya kuingilia kwake. Wahudumie kuku wako wa zamani kwanza, wageni mwishoni, kisha nawa mikono. Vifaranga uliototoa mwenyewe kutoka mayai ya kuku wako hawahitaji karantini hii.

Katika siku hizo tazama mambo haya:

- Kupiga chafya, kukoroma, machozi au povu machoni.
- Kinyesi cha kijani au chenye damu.
- Kuning'iniza mabawa, kujikunyata, shingo kupinda.
- Chawa na utitiri. Fungua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa. Utitiri mwekundu hujificha kwenye nyufa za mbao mchana, kwa hiyo angalia na miti ya kulalia usiku kwa tochi.

Tumia muda huohuo kukamilisha chanjo kulingana na ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa eneo lako, hasa ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya mwisho iwe imepita walau wiki mbili kabla ya kuchanganya, ili kinga ipate muda wa kujengeka. Ugonjwa wa Marek, ule wa virusi unaopoozesha kuku, huchanjwa kifaranga akiwa na siku moja, kwa hiyo unaponunua uliza kama wamechanjwa. Kuku wazima wanaweza kuubeba na kuusambaza kupitia vumbi la manyoya bila wao kuonyesha dalili yoyote.

Usiendelee kama hata mmoja anakohoa. Hesabu ya siku 30 inaanza upya tangu dalili ya mwisho ilipoondoka. Na kuku akifa bila sababu ya wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo akapasuliwe kabla hujachanganya wengine.

## Hatua ya 2: Waunganishe wadogo kwa wadogo kwanza

Hapa ndipo wengi wenye marika mawili au matatu wanapokosea. Wana vifaranga wa wiki 2, wengine wa wiki 5, wengine wa wiki 9, na wanataka kuwaingiza kwa wakubwa kundi baada ya kundi. Matokeo yake banda linavurugika mara tatu, na kila mara wanaolipa ni wadogo kabisa.

Fanya hivi: wageuze vifaranga wako wote kuwa kundi moja, ndipo kundi hilo lihamie kwa wakubwa mara moja. Kundi la sita au nane wanaojuana hugawana vipigo. Mmoja peke yake hupokea vyote.

Tofauti ya wiki moja kwa kawaida haina shida. Wachanganye kwenye chumba cha kulelea, ongeza chombo cha pili cha chakula, kaa nao nusu saa, basi.

Tofauti ya wiki mbili au zaidi ni habari nyingine, na tatizo la kwanza ni joto kabla hata ya udonoaji. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi pale alipo, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka alingane na hali ya hewa ya nje, mara nyingi kwenye wiki ya 5 au 6. Ukimweka wa wiki moja na wa wiki nne, mmoja ataganda au mwingine atahema mdomo wazi. Juu ya hapo, wa wiki nne anaruka, anakanyaga na anaziba chombo chote kwa mwili wake.

Kwa hiyo:

1. Wagawe kwa wavu ndani ya chumba kimoja. Taa au chanzo cha joto kiwe upande wa wadogo, na wakubwa kidogo wakae upande wa baridi.
2. Waache waonane hivyo mpaka wadogo wasihitaji joto tena. Hapo watakuwa na wiki 5 au 6, na wenzao labda 8 au 9. Pengo la wiki tatu ni kubwa sana kati ya wiki ya 1 na ya 4, lakini kati ya wiki ya 6 na ya 9 linavumilika.
3. Siku ya kuwaunganisha, wahamishie wote mahali papya ambapo hakuna kundi limewahi kukaa. Asiye na kwake hana cha kulinda. Kama huna mahali pengine, safisha kila kitu, badilisha maranda na ubadili vyombo vilipokuwa.
4. Usimwingize mdogo mmoja kati ya wakubwa kumi. Kama una mmoja tu, mtafutie wenzake wawili wa rika lake kabla hujaanza.

Usiku wa kwanza rudi na tochi. Vifaranga wanaoogopa hurundikana kwenye kona na walio chini hukosa hewa. Ziba kona kwa kipande cha kadibodi kilichopindwa ili pawe na mviringo.

Umefaulu pale unapowakuta wamelala wamechanganyika, pete za rangi zote pamoja. Kama kila rangi imelala kona yake lakini wanakula pamoja, si mbaya, wape wiki nyingine.

## Hatua ya 3: Badilisha chakula kabla hujabadilisha makazi

Hatua hii hurukwa kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyohiyo.

Chakula cha kuku wa mayai kina madini ya kalsiamu takriban asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda ya mayai. Cha kukuzia kina kama asilimia 1. Kuku asiyetaga akila kile cha kutagia kwa wiki nyingi, kalsiamu ya ziada huharibu figo zake. Anaweza kuonekana mzima, akadumaa, akafa baadaye bila mfugaji kuhusisha kifo na chakula.

Na huwezi kuwaambia kuku huyu ale hapa, yule ale pale. Wakishakuwa pamoja watakula kila kilichopo.

Suluhisho ni kuwalisha wote chakula cha kukuzia, na kuweka chokaa au magamba ya chaza kwenye chombo cha pembeni. Tetea anayetaga ataifuata mwenyewe kadiri mwili unavyomdai, na wadogo wataionja na kuiacha. Anza wiki moja hadi mbili kabla ya kuondoa ukuta, ukichanganya chakula kipya na cha zamani kidogokidogo. Utarudi kwenye chakula cha kutagia pale wadogo wa mwisho watakapoanza kutaga, karibu na wiki ya 18 hadi 20.

Soma lebo ya chakula cha vifaranga. Baadhi kina dawa ya kuzuia kuhara damu, na si dawa zote za namna hiyo zinaruhusiwa kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa. Kama lebo haisemi, muulize aliyekuuzia au daktari wa mifugo.

Maganda ya mayai ndiyo yatakayokuambia. Yakibaki magumu kama mwanzo, matetea wako wanapata chokaa ya kutosha. Yakianza kuwa laini, chombo cha chokaa kiko mahali pabaya, labda wanyonge hawakifikii. Weka cha pili.

## Hatua ya 4: Ukuta wa wavu

Ungeniambia nichague hatua moja tu isiyorukwa, ningechagua hii. Wengi walioniandikia kwamba kuku wao hawakubali wageni hawakuwahi kuweka ukuta, au waliuweka siku mbili.

Gawa uwanja kwa wavu, na kama banda linaruhusu, ligawe na ndani. Wadogo wawe na sehemu yao yenye kivuli, maji, chakula na pa kulala. Wakubwa wabaki na yao. Wanaonana, wanasikiana, wananusana, lakini hawagusani.

Muda: siku 7 ndio uchache, 14 ni bora. Kuku anatambua sura ya mwenzake mmojammoja, na kutambuana huko kunahitaji siku nyingi za kuonana bila tukio.

Siku za kwanza weka vyombo vya chakula mbali na wavu, pande zote mbili. Kila baada ya siku mbili visogeze kidogo. Kufikia wiki ya pili viwe vimegusa wavu, kila kundi upande wake, wanakula wakitazamana. Mkubwa akizoea kwamba mdogo akionekana na chakula kipo palepale, umeshamaliza nusu ya kazi.

Katikati ya kipindi hiki wabadilishane viwanja mara chache. Watoe wakubwa nje kwa saa moja, wafungie wadogo kwenye uwanja wa wakubwa wazunguke, wajue kona, wajue maji yako wapi. Siku ya kufukuzwa itakapofika, watakuwa wanajua njia. Usifanye zoezi hili kama wadogo hawajatimiza wiki 6, kwa sababu ya vimelea vya kuhara damu.

Hilo la kuhara damu linahitaji maneno zaidi kidogo. Kuku wakubwa hubeba vimelea vyake bila kuugua kwa kuwa wameshapata kinga. Kifaranga hana, na kipindi kibaya zaidi ni kati ya wiki ya 3 na ya 6. Mayai ya vimelea hivyo hutoka na kinyesi, yakipata unyevu na joto hukomaa ndani ya siku moja au mbili, ndipo yanapoweza kuambukiza. Ulinzi wako mkubwa ni ukavu. Inua vyombo vya maji vifikie usawa wa mgongo wa kuku ili wasimwage, toa maranda yaliyolowa siku hiyohiyo, na usiweke chombo cha chakula chini ya mti wa kulalia. Ukimwona amejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu, usisubiri kesho. Amproliamu kwenye maji ni dawa inayotumika sana, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo au atakachokupa daktari.

Sukuma ukuta kwa mkono kila jioni. Wavu laini wa kuku unazuia kuku, lakini hauzuii mbwa, paka wala kicheche, na kifaranga aliyelala akigusa wavu huvutwa bawa kupitia tundu. Chini weka wavu mzito au ubao wa sentimita 30.

Ondoka kwenye hatua hii pale wakubwa wanapopita karibu na wavu bila kuinua shingo wala kusimamisha manyoya, na wadogo hawakimbii wanapowaona. Kuchokana ndiko unakokutafuta.

## Hatua ya 5: Matundu ya kupenyea

Sasa fungua njia, lakini njia ya upande mmoja wa ukubwa. Kata matundu mawili au zaidi kwenye ukuta, upana kama sentimita 10 na kimo sentimita 15. Mdogo anapita, mkubwa anapitisha kichwa na kukwama mabegani. Pima kwa kuku wako mwenyewe badala ya kuniamini mimi, kwani ukiwa na kuku wa asili ndogo wataingia bila shida na utalazimika kupunguza upana. Kunja ncha zote za waya zisichome.

Lazima matundu yawe mawili. Likiwa moja, mbabe mwerevu husimama pale mlangoni akingoja.

Chakula na maji ya wadogo yabaki ndani, ambako mkubwa hafiki. Wao watachagua watoke lini. Siku ya kwanza labda atatoka mmoja jasiri, atafukuzwa, atarudi mbio na kusimulia. Siku ya tatu watatoka watatu. Waache. Usiwatoe kwa mkono, kwani anayetolewa kwa nguvu hajui njia ya kurudi.

 Kipindi cha hatua hii hakina kalenda: endelea mpaka wadogo washinde nje sehemu kubwa ya mchana na kurudi kwao kula na kulala tu.

## Hatua ya 6: Siku ya kuondoa ukuta

Chagua siku utakayokuwa nyumbani. Ifanyie uwanjani, kusiwe ndani ya banda ambako kukimbia kunaishia ukutani. Muda mzuri ni saa moja au mbili kabla ya giza, kwa kuwa mawazo yao yako kwenye kula na kwenda kulala, na ugomvi wowote unakatizwa na usiku.

Kabla ya hapo badilisha sura ya uwanja. Hamisha magogo, ongeza matawi, egemeza mbao ukutani ziache upenyo nyuma yake. Kila maficho yawe na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kona iliyofungwa ni mtego. Tawanya mboga za majani na nafaka kidogo sehemu tano au sita, kisha ondoa ukuta, ukae chini ukiangalia.

Yafuatayo ni ya kawaida, usiingilie: mkubwa kumdonoa mdogo kichwani mara moja na kuendelea na shughuli zake, kumfukuza hatua chache, kusimama kifua mbele na manyoya ya shingo yamefunguka, kupigania jani moja.

Ingilia mara moja ukiona damu, mdogo amelazwa chini na mkubwa amempanda akimdonoa mfululizo, au watatu wanamwandama mmoja. Damu ni jambo la dakika, kwa sababu kuku huvutwa na wekundu na hata wapole hujiunga.

Jioni ya kwanza saa moja inatosha. Rudisha ukuta, kesho ongeza. Mkifika siku wanashinda pamoja bila wewe kuwepo, ukuta uondoke kabisa, ila wabakizie wadogo boma dogo la matundu, yaani kona yao ya kukimbilia yenye matundu ya kupenyea, kwa wiki mbili zaidi.

Kila jioni shika wadogo wawili watatu upapase gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kikiwa kimejaa, amekula. Kikiwa tupu jioni, mtu anamzuia, hata kama mchana kutwa hukuona ugomvi.

Jogoo? Mara nyingi si tatizo, na wengine huingia kati kuamua ugomvi wa matetea. Muangalie tu asiwapande matetea ambao bado hawajakomaa. Kama katika vifaranga wako wametokea majogoo wengi, watoe mapema, kwa sababu jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10.

## Hatua ya 7: Kulala banda moja

Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo usiku ni wakati mtulivu wa kuwahamisha. Wachukue wadogo giza likiwa limeingia, tumia mwanga hafifu, waweke kwenye mti wa kulalia kando ya wakubwa. Wengi watashuka kulala chini siku za mwanzo. Warudishe juu kila usiku mpaka wazoee, na weka ubao wa kupandia wenye vijiti vya kukanyagia kama mti uko juu.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukiwaingiza usiku, asubuhi wakubwa wataamka na kudhani wageni walikuwepo siku zote. Kuku hawasahau hivyo. Usiku unawapa utulivu wa saa kadhaa, basi. Kazi ilifanywa na ukuta.

Uwe mlangoni alfajiri kabla hawajaanza kushuka, ufungue mara moja. Mapigano mengi ya asubuhi hutokea ndani ya banda lililofungwa wakati mfugaji bado amelala.

## Njia nyingine: kuku anayeatamia

Ukiwa na tetea anayeatamia kwa dhati na vifaranga wa siku moja hadi tatu, unaweza kuruka karibu kila kitu hapo juu. Yeye atawapa joto, atawafundisha kula na atapigana na banda zima kwa niaba yao.

Masharti ni machache lakini hayalegezwi. Awe amekaa kwenye kiota karibu wiki tatu, kama mayai yangekuwa yanaanguliwa. Awe ametengwa na wengine, kwenye kiota kilicho chini. Vifaranga wote wapishane siku chache tu, kwani akishatoka na wale wenye nguvu, mchanga atabaki nyuma apoe. Na waingizwe usiku, mmojammoja, chini ya kifua, huku ukitoa yai kwa kila kifaranga unayemwingiza.

Kifaranga aliyepita siku nne au tano kwenye taa kwa kawaida hamtambui tena kuku kama mama, atamkimbia. Huyo mlee kwa njia ya kawaida.

Lala ukijua utaamka kabla ya mapambazuko. Tetea wengine hukubali, wengine huua asubuhi wanapoona. Akiita kwa sauti ya chini ya kugugumia na kuwavuta chini ya mabawa, mwachie. Akiwadonoa usoni, watoe wote papo hapo. Joto la taa liwe limeshaandaliwa.

Mama huwalinda kwa wiki kama 5 hadi 8, kisha siku moja anawafukuza kama hawajui. Siku hiyo wawe na boma la matundu la kukimbilia, maana mlinzi wao ameondoka na wakubwa wamelitambua hilo kabla yako.

## Mambo yakikwama

Mchokozi ni mmoja. Mtoe yeye, usimtoe anayeonewa. Anayeonewa ukimtoa, akirudi ni mgeni tena. Mchokozi mweke kwenye kizimba asikowaona wenzake, siku tatu hadi tano. Akirudi, wengine watakuwa wamejipanga bila yeye, na atalazimika kuanza chini. Wako wachache ambao hata hili haliwasaidii. Hao si wa kufuga na vifaranga.

Wachokozi ni wengi. Si tabia, ni nafasi au vyombo. Pima tena, ongeza chombo cha tatu, weka vizuizi ili anayekula hapa asionekane na aliye kule.

Mdogo amejeruhiwa. Mtoe, safisha, paka GV, mweke kwenye kizimba kilicho ndani ya uwanja uleule ili aendelee kuonana na wenzake. Mrudishe kidonda kikikauka kabisa, pamoja na mwenzake mmoja wa rika lake.

Mayai yamepungua. Mtikisiko wa kundi huweza kupunguza utagaji kwa wiki moja au mbili. Usibadilishe chakula kwa pupa.

Walishapatana, sasa wanagombana upya. Tazama vilemba vya matetea wachanga. Vikianza kuwa vyekundu, wanakaribia kutaga, na anayekaribia kutaga hutafuta cheo kipya. Hakikisha una kiota kimoja kwa kila matetea wanne au watano, ongeza vyombo kwa muda, na acha wamalizane wenyewe maadamu hakuna damu.